SOMO: Kupima mpindo wa shingo kwenye eksirei, C2 hadi C7 (pingili ya pili hadi ya saba ya shingo) (soma kabla ya kuja inboksi)

Wakuu, habari za kazi. Kila wanafunzi wa tiba viungo wanapoanza utafiti wa wafanyakazi wa maofisini, inboksi yangu inajaa picha za shingo na swali lilelile: "Hii ni nyuzi ngapi?" Someni hapa, mkapime wenyewe.

Kwanza kabisa, mtu mwenye afya zake hapigwi eksirei ya shingo kwa sababu wewe una hamu ya kujua mpindo wake. Ama una kibali cha kamati ya maadili, ama unatumia picha zilizopigwa kwa sababu nyingine, na hizo nazo zina kibali chake. Usiye na kibali, shuka kwenye maswali, kuna njia ya simu.

1. Hereni, mkufu, vibanio vya nywele: vitoke. Wanawake waulizwe kuhusu ujauzito.

2. Asimame, ubavu uelekee kaseti (sahani inayopokea picha), mabega yashuke, atazame mbele usawa wa macho yake. Kidevu kikipanda au kikishuka kidogo tu, mpindo unabadilika. Maelekezo yawe yaleyale kwa kila mtu.

3. Umbali wa mashine sentimeta 180, kwa wote.

4. Hesabu pingili kuanzia juu. C2 utaijua kwa lile jino linalopanda ndani ya pete ya C1.

5. Itafute C7. Hapa ndipo kazi za watu hufia, na yangu ya kwanza ilifia hapahapa. Mabega ya mtu mnene, au mwenye misuli ya kubeba mizigo, huifunika C7 kabisa. Unaona ukungu mweupe tu. Mkono unakushawishi uchore mahali unapodhani ukingo upo. USICHORE. Pia usimwambie anyanyue mkono mmoja ili C7 ionekane: picha hiyo inafaa kwa majeruhi, ila mkao umeshaharibika na mpindo unaopima si wake tena. Na usiwatupe tu wasioonekana, maana utabaki na wembamba peke yao na utaita matokeo hayo "wafanyakazi wote". Kama C7 zimefichika nyingi, pima C2 hadi C6 kwa kila mtu na uandike hivyo wazi. Kuchanganya C6 kwa huyu na C7 kwa yule ni marufuku.

6. Chora mstari kwenye ukingo wa chini wa C2, na mwingine kwenye ukingo wa chini wa C7, kona ya mbele hadi ya nyuma. Kama kuna kijimfupa kilichoota kwenye kona, kiruke. Mistari isipokutana ndani ya picha, simamisha juu ya kila mmoja mstari wa nyuzi 90. Hiyo miwili inapokatana ndipo unaposoma pembe. Ndiyo pembe ya Cobb, daktari wa Marekani aliyeieleza mwaka 1948 kwa migongo iliyopinda upande. Shingo tumeirithisha tu.

7. Hakiki: mistari ya kingo ikielekea kukutana nyuma ya shingo, mpindo ni wa kawaida, tumbo lake likiwa mbele. Ikikutana mbele, umegeuka. Amua mapema upi una alama ya kutoa.

8. Rudia baada ya siku kadhaa bila kuchungulia namba za kwanza, na mwenzako apime peke yake. Tofauti ya nyuzi mbili tatu ni mkono wako, si shingo ya mtu.

MASWALI

nesi_wa_zamu: Naweza kutumia eksirei za kifua za kuajiriwa? Ninazo nyingi.
— Hapana. Zimepigwa kutoka mbele au nyuma. Soma namba 2.

Kijana wa Takwimu: Nina MRI za watu waliolala. Nizichanganye na za kusimama ili sampuli iongezeke?
— Aliyelala habebi kichwa chake. Usichanganye.

Kijana wa Takwimu: Lakini sampuli yangu ni ndogo mkuu.
— Basi iwe ndogo.

mama_hesabu: Samahani mwalimu, mimi si wa afya. Kama unatazama C2 na C7 tu, shingo yenye umbo la S si itatoa sifuri sawa na iliyonyooka?
— Umegusa penyewe, dada. Cobb anaona ncha mbili tu, katikati hajui. Ndiyo maana wengine hutumia njia ya Harrison: unachora mstari nyuma ya mwili wa kila pingili, C2 hadi C7, na kusoma pembe kati ya jirani na jirani. Hapo S inajitokeza, pingili za juu zikiinama upande huu na za chini upande ule. Inachosha, ila wapimaji hukubaliana vizuri.

mama_hesabu: Na umbali wa mashine unabadilisha pembe?
— Ukuzaji haubadilishi pembe, hubadilisha milimita. Ukija kupima kichwa kimesogea mbele ya C7 kiasi gani, hapo 180 inakuokoa.

fundi_dawati: Yangu imesomeka imenyooka kabisa. Nimekwisha?
— Unaumwa?

fundi_dawati: Hapana.
— Watu wengi wasioumwa wana shingo zilizonyooka. Endelea na kazi. Anayepaswa kwenda hospitali ni mwenye ganzi mikononi au nguvu zinazopungua.

Bi Mkubwa Tanga: Ile njia ya simu?
— Ile hupima mkao wa kichwa, si mpindo wa mifupa, usiandike vingine. Simu kwenye stendi, usawa wa bega, mtu amesimama ubavu. Chora mstari kutoka C7 hadi kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio, usome pembe yake na mstari wa mlalo.

Bi Mkubwa Tanga: C7 naijuaje kwa kidole?
— Weka vidole viwili kwenye nundu mbili za chini ya shingo, mwambie atazame juu taratibu. Inayokimbia chini ya kidole ni C6. Inayobaki ni C7. Bandika kipande cha plasta chenye rangi hapo akiwa ameshasimama mkao wa picha, maana ukibandika ameinama, ngozi ikirudi plasta inahama.