Somo: Kutafuta na kunukuu makala za majarida ya taaluma za Japani

Wakuu, swali hili naulizwa faragha kila mara, basi jibu lake naliweka hapa.

Hatua ya 1. Anza na ya bure: Japan Review la Nichibunken (kituo cha utafiti wa taaluma za Japani), Kyoto, na Japanese Journal of Religious Studies la Chuo Kikuu cha Nanzan, Nagoya. Unapakua kwenye tovuti zao.

Hatua ya 2. Monumenta Nipponica la Chuo Kikuu cha Sophia, Tokyo: fungua akaunti ya bure JSTOR (hifadhi ya majarida mtandaoni) usome kwenye skrini. Kupakua, pitia maktaba ya chuo chako.

Hatua ya 3. Majina. Hapa ndipo tasnifu nyingi huharibika. Wajapani hutanguliza jina la ukoo, na Monumenta hufuata hivyo: jemadari wa kale Oda Nobunaga ni wa ukoo wa Oda. Vitabu vingi vya Kiingereza hugeuza, kwa hiyo hakikisha kwanza lipi ni la ukoo, usikisie. Pia USIFUTE kimstari kilicho juu ya irabu ndefu! Ono (小野) na Ōno (大野) ni koo mbili. Ukikifuta kwenye marejeo, umempa mtu mwingine kazi isiyo yake. Wakati wa kutafuta, jaribu zote: Ōno, Ono, Ohno.

Hatua ya 4. Nakili juzuu, namba, mwaka na kurasa.

MASWALI

— Mkuu, nirushie PDF.
Hatua ya 2.

— Monumenta ya 1947 haipo JSTOR. Wameificha?
Haikuchapwa. Jarida lilianza 1938, likasimama 1943 vitani, likarudi 1951.

— Vimstari vya nini? Msimamizi wangu hata haviangalii.
Ni jina la mtu. Liandike lilivyo.

— Nafuatilia dini za Japani. Mbona hilo la Nanzan sioni makala za miaka ya 1960?
Umeuliza vizuri. Lilianza 1960 kwa jina la Contemporary Religions in Japan, likabadilishwa 1974. Tafuta kwa jina la zamani, na nukuu jina lililo kwenye toleo lenyewe. Ukikuta miaka ya Kijapani, inayohesabiwa kwa zama za wafalme wao, kupata mwaka wetu: Shōwa jumlisha 1925, Heisei 1988, Reiwa 2018. Shōwa 13 ni 1938.

— Wajapani wanaandika lolote kutuhusu sisi Waafrika?
Mengi! Fungua African Study Monographs la Chuo Kikuu cha Kyoto, ni la bure. Tena Chuo Kikuu cha Osaka wanasomesha Kiswahili hadi shahada. Tafuta kazi za walimu wake, ukikumbuka hatua ya 3.