Kutumia Dawa ya Ganzi ya Kupaka kwa Usalama Kabla ya Matibabu

Dawa ya ganzi inayopakwa kwenye ngozi au ufizi huzuia neva za mahali hapo zisipeleke taarifa ya maumivu kwenye ubongo, na kwa kuwa haichomwi kwa sindano, wengi huidhania kuwa haiwezi kudhuru. Ukweli ni kwamba sehemu ya dawa hiyo huingia kwenye damu, na kiasi kinachoingia huongezeka kadiri dawa inavyokuwa kali, inavyopakwa eneo kubwa, inavyokaa muda mrefu na inavyofunikwa.

Mwaka 2007 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya wanawake wawili kufariki. Walikuwa wamejipaka dawa ya ganzi miguuni na kuifunika kwa plastiki kabla ya kuondolewa nywele kwa leza. Kwa hiyo usifunike eneo lililopakwa wala kulipasha joto isipokuwa umeelekezwa na mhudumu wa afya, wala usipake eneo kubwa kuliko lile litakaloguswa na matibabu.

Kabla ya siku yenyewe, muulize daktari upake dawa ipi, kiasi gani na saa ngapi. Mweleze ikiwa una ugonjwa wa moyo au wa ini, ikiwa umewahi kupata mzio wa dawa ya ganzi, ikiwa una upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), ikiwa ni mjamzito, na dawa zote unazotumia, hasa za kurekebisha mapigo ya moyo.

Muda wa kusubiri unastahili kuzingatiwa sana. Krimu yenye lidokeini na prilokeini, asilimia 2.5 kila moja, huhitaji takriban saa nzima chini ya plasta yake ili ngozi ife ganzi, ilhali jeli ya benzokeini anayopaka daktari wa meno huanza kufanya kazi ndani ya dakika moja hivi. Asiyeijua tofauti hiyo hupaka krimu, akaona baada ya dakika kumi bado anahisi maumivu, akaongeza nyingine. Kuongeza huko ndiko kunakoleta hatari.

Paka kwenye ngozi isiyo na kidonda wala ukurutu, mbali na macho, kisha nawa mikono. Ikiwa ni mdomoni, usile wala kunywa kitu cha moto hadi hisia zirudi, na mwangalie mtoto asijing'ate mdomo au ulimi. Mtoto aliye chini ya miaka 2 asipakwe benzokeini kwa ajili ya maumivu ya kuota meno, kwani inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni ipasavyo.

Ifute dawa mara moja na utafute huduma ya dharura ukiona ganzi kuzunguka mdomo usiopakwa dawa, mvumo masikioni, kizunguzungu, kutetemeka, degedege, mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, kupumua kwa shida, au rangi ya kijivu au samawati, ambayo kwa mwenye ngozi nyeusi huonekana zaidi ndani ya midomo, kwenye ufizi na chini ya kucha. Nenda na pakiti ya dawa, na umweleze mhudumu kiasi kilichopakwa na saa kilipopakwa.