Babu wa babu hapatikani? Anzia kihambani

Kama unamtafuta babu wa babu huku Moshi sensa haitakusaidia sana, kuanzia ya 1967 mpaka ya 2022 wanatoa idadi za watu sio majina. Anza na bibi kabla hajasahau, muulize ukoo na nani kazikwa wapi pale kihambani, yaani shamba la ukoo lenye makazi. Halafu nenda parokiani au usharikani uombe daftari la ubatizo, ila cheki spelingi, Wajerumani sh waliandika sch, Moshi ikawa Moschi, mimi nimepekua masaa mawili natafuta Mushi kumbe kaandikwa Muschi, tena jina la ubatizo sio lile la nyumbani! Wasimamizi wa ubatizo nao andika majina yao, mara nyingi ni ndugu. Mzee alilima kahawa? Ulizia na chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima wa pale kijijini.