Jinsi ya Kuandaa Safari ya Krismasi ya Familia kwa Gari-Nyumba Katika Milima ya Alps

Anayekodi gari-nyumba mwezi wa Desemba kwa ajili ya kuzunguka na watoto katika milima ya Alps hana budi kupanga safari yake kwa kufuata mambo matatu kabla ya kuangalia mandhari: joto, maji na unyevu. Barabara kuu za huko husafishwa vizuri na hata theluji nyingi haizuii magari kwa muda mrefu. Kinachoharibu likizo ni usiku ambao gesi imekwisha, bomba limeganda na magodoro yamelowa. Kwa sababu hiyo ni vyema ratiba iwe fupi kuliko ile ya kiangazi, yenye vituo vitatu au vinne tu, na kila kituo kipewe zaidi ya usiku mmoja.

Kwa familia inayokwenda kwa mara ya kwanza, njia ninayoipendekeza ni ile inayotoka Munich, ikapita Innsbruck, ikavuka mpaka wa Austria na Italia kwenye kipito cha milimani kiitwacho Brenner, na kuishia Bolzano. Brenner ina kimo cha takriban mita 1,370 tu na hubaki wazi mwaka mzima, na njia nzima ni barabara kuu pana. Usiamini kila njia ya mkato itakayooneshwa na ramani ya simu. Barabara ya Timmelsjoch, inayotoka bonde la Ötztal kuelekea upande wa Italia, hupanda hadi mita 2,474 na hufungwa majira yote ya baridi, sawa na Stelvio yenye mita 2,757 na barabara ya juu ya Grossglockner. Ukihitaji njia mbadala ya Brenner, iliyopo ni Reschen kupitia Landeck, ambayo ni ndefu zaidi.

Mpangilio wa siku pia una uzito wake, kwa kuwa masoko ya Krismasi hayafungwi kwa pamoja. Soko la Marienplatz mjini Munich humalizika mchana wa Desemba 24, ilhali lile la Bolzano huendelea hadi Januari 6, kwa hiyo kuanzia kaskazini na kushuka kusini kunawapa watoto masoko yote mawili. Nchini Austria na Ujerumani maduka hufungwa mapema mchana wa tarehe 24, na tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu. Chakula, gesi na dawa za watoto vinapaswa kuwa ndani ya gari kufikia jioni ya tarehe 23. Uwanja wa kambi nao uwekewe nafasi miezi kadhaa kabla, kwa maana wiki ya kati ya Krismasi na Mwaka Mpya ndiyo yenye wageni wengi kuliko zote, na viwanja vingi havimpokei mtu anayetaka kulala usiku mmoja tu. Wazo la kulala popote penye nafasi halifai kabisa hapa. Jimbo la Tyrol, ambamo Innsbruck imo, linakataza kupiga kambi nje ya maeneo yaliyoidhinishwa.

Kuhusu matairi, kila nchi ina sheria yake, na mwenye gari la kukodi asiridhike na kauli ya mdomo kwamba gari liko tayari kwa baridi. Austria inataka matairi ya baridi kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 15 kila barabara inapokuwa na theluji au barafu, na kashata zake ziwe na kina kisichopungua milimita 4. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, hutambua tu matairi yenye alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazitoshi tena. Italia, katika barabara nyingi za kaskazini, hutaka matairi ya baridi au minyororo ndani ya gari kuanzia Novemba 15 hadi Aprili 15. Chuchumaa kando ya kila gurudumu, itafute alama hiyo, pima kashata, ndipo utie saini ya kupokea gari.

Minyororo ni suala jingine. Hufungwa kwenye magurudumu yanayoendeshwa na injini, ambayo katika magari-nyumba mengi ni ya mbele, na ukiwa umeifunga hupaswi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Jifunze kuifunga mchana, kwenye uwanja mkavu, ukiwa umevaa glavu zilezile utakazovaa mlimani, kwa kuwa vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kutafuta ndoano ndogo gizani huku watoto wakilia ndani. Tafadhali pima pia uzito wa gari likiwa limejaa. Leseni ya kawaida ya Ulaya huishia kilo 3,500, na familia yenye minyororo, mitungi miwili ya gesi, maji, mabuti na vifaa vya kuteleza kwenye theluji hufikia kikomo hicho upesi. Gari lisilozidi uzito huo hutumia stika ya barabara, yaani Vignette, katika barabara kuu za Austria. Lakini kipande cha kutoka Innsbruck kwenda Brenner kina malipo yake ya pekee, na upande wa Italia utalipa kwa kadiri ya umbali.

Sasa tuje kwenye joto, ambalo ndilo linalostahili fikra nyingi kuliko yote. Magari mengi hutumia gesi kwa hita, jiko na maji ya moto. Hakikisha mitungi ina propeni, kwani buteni huacha kugeuka kuwa mvuke joto linapokaribia nyuzi sifuri, ilhali propeni huendelea kufanya kazi hadi karibu nyuzi 42 chini ya sifuri. Hita ya kilowati 4 inapofanya kazi kwa nguvu zake zote hula takriban gramu 320 kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 11 ungedumu saa 34 hivi. Kwa matumizi ya kawaida, hita ikiwa inawaka na kupumzika, hesabu siku mbili hadi nne kwa mtungi. Ondoka na mitungi miwili iliyojaa, kwa kuwa viunganishi vya mitungi hutofautiana kati ya Ujerumani na Italia na huenda usipate mtungi wa kubadilishana. Kama gari halina kifaa cha kuhamisha gesi kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine chenyewe, mtungi utakwisha usiku wa manane, maana ndio wakati hita inapofanya kazi zaidi. Heri kuubadilisha kabla ya kulala na kuyamaliza masalio yake mchana.

Usidhani umeme wa uwanja wa kambi utachukua nafasi ya gesi. Soketi nyingi huruhusu ampea 10 hadi 16, na ampea 10 ni kama wati 2,300: birika la umeme likiwashwa pamoja na hita ndogo, swichi hukatika. Isitoshe, viwanja vingi vya milimani hutoza umeme kwa kila uniti. Paneli ya sola nayo usiihesabu. Mjini Innsbruck mwishoni mwa Desemba jua huzama karibu saa kumi na nusu jioni, na katika mabonde membamba milima hulificha mapema zaidi. Panga kufika kituoni kabla ya saa tisa alasiri. Betri ya lithiamu ikae ndani penye joto, kwani kuichaji chini ya nyuzi sifuri huiharibu.

Maji hulindwa kwa joto hilohilo. Usiku acha milango ya makabati yenye mabomba wazi, na hita isizimwe hata mnapokwenda matembezini; ishushwe tu. Tangi la maji ya moto mara nyingi lina vali ya usalama inayojifungua joto linaposhuka hadi karibu nyuzi 3 na kumwaga maji yote nje. Wapo wanaoifunga kwa kibanio ili isiwasumbue, na hao hujikuta na tangi lililopasuka. Maji machafu yasikusanywe kwenye tangi la chini. Acha koki wazi na uweke ndoo, ambayo ni rahisi kumwaga hata ikiganda. Mpira wa kujazia maji usibaki nje baada ya kutumika.

Unyevu ndio unaosahaulika. Pumzi za watu wanne, mvuke wa chakula na nguo zenye theluji hujaza hewa maji, na maji hayo hutafuta sehemu iliyo baridi zaidi, yaani vioo vya dereva na chini ya magodoro. Fungua matundu ya paa kwa dakika tano asubuhi na jioni, hata kama inauma kupoteza joto. Matundu ya kudumu ya hewa yasizibwe kwa nguo kamwe, bomba la moshi la hita lisifunikwe na theluji, na king'ora cha gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi kijaribiwe kila siku. Vioo vya mbele vifunikwe kwa nje kwa pazia nene la kuzuia baridi. Asubuhi pazia hilo huwa limekakamaa kama ubao, kwa hiyo likung'ute barafu kabla ya kulikunja. Mabuti yavuliwe ndani ya beseni mlangoni, na nguo zilizolowa zitundikwe bafuni au kwenye chumba cha kukaushia, ambacho viwanja vya milimani huwa nacho.

Kwa watoto, kiti maalumu ni lazima Austria kwa aliye chini ya miaka 14 na urefu wa chini ya sentimita 135, lakini Italia kikomo ni sentimita 150, kwa hiyo fuata kilicho kikali zaidi.

Mkiegesha usiku, acha gari kwenye gia na uweke kabari badala ya kuvuta hendibreki, ambayo huweza kugandia. Dizeli ijazwe milimani, ambako huuzwa ile ya majira ya baridi isiyoganda upesi. Asubuhi ya kuondoka, panda ngazi ukaondoe theluji yote ya paani kwa fagio, kwa sababu pande la barafu linaloruka kwenye barabara kuu huangukia kioo cha anayekufuata. Mkishafika mwisho wa safari, osha gari kwa chini ili kuondoa chumvi ya barabarani, kisha fungua koki zote na umwage maji kabla ya kulikabidhi au kuliegesha mahali pasipo na joto.