Kuongoza kamisheni ya ngumi ya serikali: kazi ya kabla ya kengele

Watu wengi humwona mkurugenzi mtendaji wa kamisheni ya ngumi, chombo kinachosimamia mchezo huo, usiku mmoja tu, amekaa mezani kando ya ulingo na kitambulisho shingoni, na wakati huo karibu hana tena la kufanya. Kama bondia asiyestahili ameshapanda ulingoni, au bandeji zimefungwa bila mtu kuzitazama, au gari la wagonjwa lililoletwa ni moja na limeshaondoka na majeruhi wa pambano la pili, kengele ya raundi ya kwanza haitarekebisha chochote. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayekabidhiwa ofisi hiyo kwa mara ya kwanza. Umejengwa juu ya mfumo wa majimbo ya Marekani, hasa Nevada, ambako kamisheni iliundwa mwaka 1941, na ambako makosa ya watangulizi yameandikwa wazi kiasi cha kumfaa yeyote anayetaka kujifunza.

Mkurugenzi aanze kwa kuelewa mahali pake. Nevada ina makamishna watano wanaoteuliwa na gavana. Hao ndio wanaoketi hadharani kuamua masuala makubwa ya leseni na adhabu, naye mkurugenzi ni mwajiriwa wao anayeendesha kazi za kila siku. Jimbo hukata asilimia 8 ya mapato ya viingilio, kwa hiyo pambano kubwa ni fedha kwa serikali, kwa hoteli na kwa promota kwa pamoja, na simu zitakazopigwa ofisini wiki hiyo zote zitataka jibu la ndiyo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 ya usalama wa mabondia wa kulipwa inamkataza mtumishi wa kamisheni kupokea malipo yoyote kutoka kwa anayeandaa mapambano au mwenye maslahi ya kifedha kwa bondia. Hata hivyo, kinachoharibu ofisi nyingi si bahasha bali ni ukarimu: tiketi mbili za shemeji, chakula cha jioni, chumba cha hoteli "kwa kuwa umechoka". Weka tangu siku ya kwanza kanuni ya maandishi kwamba mtumishi wa kamisheni haombi tiketi, na anayepewa kitu anakiandika kwenye daftari linaloweza kusomwa na makamishna.

Kuidhinisha pambano

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo mkurugenzi anapaswa kutumia muda wake mwingi. Promota huleta majina mawili, uzito na idadi ya raundi, akitarajia muhuri tu. Tuseme kijana mwenye ushindi wa mapambano 8 bila kupoteza anapangiwa mtu aliyeshinda 4 na kupoteza 19, aliyekubali pambano zikiwa zimebaki siku nne. Anayesoma tarakimu peke yake atakataa papo hapo, na huenda akawa amekosea. Zifungue hizo 19. Ikiwa 15 kati yake alipoteza kwa pointi, huyo ni mzoefu anayejua kukumbatia, kuziba na kumaliza raundi salama, na mabondia wa aina hiyo ndio wanaofundisha vijana kazi. Lakini mwenye rekodi ya 9 kwa 6 ambaye mapambano manne ya mwisho ameangushwa kabla ya raundi ya tatu ni mgonjwa mtarajiwa, ingawa kwenye karatasi anaonekana bora. Angalia amepoteza vipi, lini, na kwa nani, kisha uliza amefanya mazoezi wapi tangu hapo.

Sheria hiyo ya 1996 inataka zuio la kitabibu lililowekwa na jimbo moja liheshimiwe na majimbo mengine, kwa sababu ilikuwa desturi bondia aliyeangushwa Ijumaa katika jimbo moja kuvuka mpaka na kupigana tena baada ya wiki mbili kwa jina jingine. Nevada, kwa kawaida, aliyepigwa KO, yaani aliyeangushwa akashindwa kuendelea, husimamishwa siku 60, na kati ya hizo siku 45 haruhusiwi hata sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi. Usiidhinishe jina lolote kabla halijapitishwa kwenye orodha ya mazuio.

Bondia anayetoka nje ya nchi huhitaji uangalifu wa ziada. Barua ya ruhusa kutoka nchi yake ina thamani pale tu ilipoombwa na kamisheni yako moja kwa moja kutoka kwa chombo kinachomsimamia huko kwao. Kwa mabondia wa Tanzania chombo hicho ni Kamisheni ya Kusimamia Ngumi za Kulipwa, TPBRC. Nakala iliyopigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp na wakala wake haitoshi. Wapenzi wa ngumi wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri hadithi ya bondia anayeitwa kwa haraka ughaibuni ili akawe ngazi ya mwenzake. Mkurugenzi wa jimbo lililompokea ana uwezo wa kuikatisha hadithi hiyo kwa simu moja.

Ukikataa pambano, kataa mapema na kwa maandishi, ukitaja sababu mbili au tatu zinazoweza kuthibitishwa. Kukataa wiki tatu kabla ni utawala. Kukataa tiketi zikiwa zimeisha ni vita, na vita hiyo utapigana peke yako.

Vipimo vya afya vina orodha inayojulikana: damu kwa ajili ya VVU na homa ya ini aina ya B na C, macho, na picha ya ubongo kwa anayeomba leseni mara ya kwanza. Mwenye umri mkubwa au aliyekaa muda mrefu bila kupigana aongezewe vipimo, hata kama jina lake ndilo linalouza tiketi. Upimaji wa uzito nao ni suala la afya kuliko tamasha la wapiga picha. Mpiganaji wa Kichina Yang Jian Bing alifariki Manila mwezi Desemba 2015 akiwa katika harakati za kushusha uzito kabla hajarusha ngumi hata moja, na mwaka 2017 California ilipitisha mpango wa hatua 10 wa kudhibiti ukataji wa maji mwilini, ukiwamo ufuatiliaji wa wanaorudisha zaidi ya asilimia 10 ya uzito kati ya mizani na ulingo.

Chumba cha kuvalia

Tarehe 24 Januari 2009, katika ukumbi wa Staples Center mjini Los Angeles, Antonio Margarito alikuwa anafungwa mikono kabla ya kupigana na Shane Mosley. Wakaguzi wa kamisheni walikuwamo chumbani. Aliyegundua tatizo hakuwa mkaguzi. Alikuwa Naazim Richardson, kocha wa upande wa pili, aliyesisitiza kitambaa kilichowekwa juu ya vifundo vya vidole kiguswe na kukaguliwa. Kilikuwa kigumu. Kikatolewa, mikono ikafungwa upya, Margarito akapigwa hadi pambano likasimamishwa raundi ya tisa. Baadaye maabara ilikuta ndani ya vitambaa hivyo salfa na kalsiamu, viambato vya plasta ya jasi, ile inayofungia mifupa iliyovunjika. Mwezi Februari kamisheni ya California ikamfutia leseni yeye na kocha wake.

Fundisho kwa mkurugenzi ni kwamba mkaguzi anayesimama mlangoni akiangalia simu hana tofauti na mkaguzi ambaye hayupo. Wafundishe wakaguzi wako kwa mikono, wala si kwa waraka. Mkaguzi aione roli ya bandeji ikifunguliwa kutoka kwenye pakiti yake. Kabla plasta ya kunata haijazungushwa, abonyeze kwa kidole gumba juu ya kila kifundo, kisha afunge ngumi ya bondia ndani ya kiganja chake na kuihisi: kitambaa safi hubonyea na kurudi. Plasta isifike juu ya vifundo. Mwakilishi wa kona ya mpinzani awepo, na kazi ikiisha mkaguzi asaini kwa kalamu ya wino juu ya plasta, mstari wa saini uvuke kutoka ukingo mmoja wa utepe hadi mwingine ili ukifunguliwa ujulikane. Kutoka hapo asimwache bondia, hata chooni. Glovu nazo zipimwe na kuguswa. Mwaka 1983, Madison Square Garden, glovu za Luis Resto zilikutwa zimepunguzwa vijazio vya ndani baada ya pambano, wakati uso wa mpinzani wake, Billy Collins Jr., ulikuwa umeshaharibika na kazi yake ya ngumi imekwisha.

Daktari, gari na hospitali

Magomed Abdusalamov alipigana raundi 10 na Mike Perez mjini New York tarehe 2 Novemba 2013. Alimaliza akiwa wima. Baada ya pambano aliondoka ukumbini na kwenda hospitali kwa teksi, wakati damu ilikuwa inavuja ndani ya fuvu lake. Alinusurika, lakini hakurudi kuwa mtu wa kutembea na kuzungumza kama zamani. Mwaka 2017 jimbo la New York lilikubali kuilipa familia yake dola milioni 22.

Kwa hiyo mpango wa dharura uandikwe kabla kibali cha pambano hakijatolewa, na utaje vitu kwa majina: hospitali ipi yenye daktari wa upasuaji wa ubongo atakayekuwa zamu usiku huo, mlango upi machela itapitia, nani ana ufunguo wa mlango huo, na lifti ipi inatosha machela ikiwa imelazwa. Kuwe na magari mawili ya wagonjwa. La kwanza likiondoka na la pili halipo, mapambano yasimame, na promota awe ameshasaini kwamba anaijua kanuni hiyo. Katika kesi ya bondia Michael Watson, aliyeumia mwaka 1991, mahakama za Uingereza zilikibebesha dhima chombo cha ngumi cha huko, ambacho hata si cha serikali, kwa kutohakikisha huduma ya kuokoa maisha ipo kando ya ulingo.

Baada ya pambano kila bondia, mshindi na mshindwa, apimwe tena. Daktari asiridhike na "niko sawa". Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, au swali moja linaloulizwa mara mbili ndani ya dakika tano ni safari ya hospitali kwa gari la wagonjwa. Bondia asiyejua Kiingereza awe na mkalimani ambaye si promota wala meneja wake.

Majaji na nidhamu

Kuhusu majaji maneno machache yanatosha: wateue wewe, usikubali orodha ya promota, na uwe na kumbukumbu ya pointi zao za nyuma. Mwaka 2013 Floyd Mayweather alimshinda Canelo Álvarez waziwazi Las Vegas, lakini jaji mmoja kati ya watatu akatoa sare ya 114 kwa 114, na lawama zote zikaiangukia kamisheni iliyomteua.

Adhabu zinahitaji notisi, kusikilizwa na uamuzi wa maandishi, la sivyo mahakama itazifuta. Mike Tyson alimng'ata sikio Evander Holyfield tarehe 28 Juni 1997. Siku 11 baadaye Nevada ilimfutia leseni na kumtoza dola milioni 3. Khabib Nurmagomedov, mpiganaji wa mapigano mseto (MMA), aliporuka uzio wa ulingo mwaka 2018, kamisheni ilizuia malipo yake usiku ule ule, na faini ya dola 500,000 ikafuata mwezi Januari. Zuia fedha kabla hazijatoka jengoni, kwa sababu kumdai bondia aliyesharudi kwao ni kazi ya miaka.

Matokeo na mazuio yote yapelekwe kwenye kumbukumbu rasmi ndani ya saa 48 za kazi kama sheria inavyotaka. Lakini usiku wenyewe, watazamaji wakiwa wanatoka na mafundi wanakunja kamba, kaa na daktari mkuu mhesabu karatasi. Kama waliopima uzito ni 18, karatasi zenye saini yake ziwe 18. Zikiwa 17, hakuna anayezima taa mpaka huyo mmoja apatikane, hata kama ameshafika maegesho ya magari.