Somo: Kubadilisha bushi za springi za nyuma za Land Rover 109 nyumbani

Ukipita tuta ukasikia kishindo kimoja kizito nyuma, kisha gari likayumba ukiachia mafuta, usikimbilie shokapu. Mimi nilinunua shokapu mbili kabla ya kulala chini ya 109 yangu, ya toleo la Series III, na mtaimbo. Niliposukuma springi, bolti ilicheza ndani ya jicho, yaani tundu la mwisho wa springi, na mpira wa bushi ulikuwa umechanika, umejaa vumbi jekundu. Bushi ni bomba mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, zenye mpira katikati.

Kila springi ya nyuma ina bushi tatu: ya jicho la mbele, ya jicho la nyuma, na moja iliyopachikwa kwenye chasisi, pale vibao viwili vinapoining'iniza springi. Badilisha zote sita. Ukiacha moja mbovu, utarudi chini ya gari.

Jioni ya kuamkia kazi, sugua nati kwa brashi ya waya, umwagie mafuta ya kulainisha kutu.

Kabla ya kupiga jeki, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele. Hendibreki ya Series haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu (gia za katikati ya ekseli) inaliachia lizunguke na gari linaondoka hata kama hendibreki umeivuta mpaka mwisho. Ndiyo maana nasisitiza kabari. Chasisi ikae juu ya stendi za chuma, kamwe si tofali, na jeki ibebe ekseli.

Fanya upande mmoja kwanza, ili springi ya upande wa pili iendelee kushika ekseli mahali pake. Fungua shokapu chini, toa yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi), kisha bolti za springi. Angalia vibao: kimoja kina nyuzi za kushika bolti, kwa hiyo ukishatoa nati bado bolti inafunguliwa kwa kuzungushwa. Wengi huigonga kwa nyundo hapo na kuharibu nyuzi.

Bolti ikizunguka kidogo halafu ikanesa na kurudi, imeshikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi. Usipigane nayo. Pitisha msumeno wa chuma kati ya kibao na jicho, ukate pande zote mbili. Nunua bolti mpya mapema, kwa sababu angalau moja utaikata.

Bushi kuukuu usiichome moto. Moshi wake ni mbaya na tenki la mafuta liko jirani. Toboa mpira kwa drili mpaka bomba la ndani litoke. Kisha ingiza wembe wa msumeno, ukate bomba la nje mstari mmoja, polepole, bila kugusa jicho lenyewe. Ligonge kwa tindo, litajikunja na kutoka.

Mpya ivute ndani kwa bolti ndefu, washa nene (pete bapa ya chuma) na kipande cha bomba, au ibane kwenye jiliwa. Nguvu iende kwenye ukingo wa chuma cha nje tu.

Rudisha kila kitu, lakini bolti za springi ziache zimelegea. Shusha gari, lisukume mbele na nyuma, ruka juu ya bampa, ndipo ukaze. Mpira huu umegandishwa kwenye mabomba yote mawili na unafanya kazi kwa kujinyonga. Ukikaza springi ikiwa inaning'inia, gari likitua mpira unabaki umenyongwa muda wote, na utachanika mapema. Yubolti uzikaze tena baada ya kilomita 100 hivi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nipake grisi kwenye bushi zisilie?*
Hapana, kaka. Grisi ya kawaida inaulainisha mpira mpaka unaoza. Paka kidogo kwenye shina la bolti tu, isishike kutu tena.

*Bushi za plastiki ngumu zinafaa?*
Zinaingia kwa mkono, hilo ni zuri. Ila zinataka grisi ya silikoni, na utasikia kila jiwe. Kwa barabara zetu za makorongo mimi nabaki na mpira.

*Tundu la chasisi limeliwa na kutu, bushi inaingia bila kubana. Nifanyeje?*
Hapo usiweke gundi wala bati. Mwite fundi wa kuchomelea akuwekee bomba jipya, na tenki liondolewe kabla hajawasha mashine.