Popi na neno "Hodi": kumtuliza mbwa anayebweka kupita kiasi

Popi ni mbwa wa kienyeji, rangi ya mchanga, ncha ya sikio lake la kushoto imekunjika. Nilimchukua akiwa mdogo wa kuenea kwenye kapu la vitambaa, na sasa ana miaka sita hapa kwangu Pasua, Moshi. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani. Kuanzia saa mbili asubuhi watu wanapiga hodi: huyu kaleta kitenge, yule kafuata sare ya mtoto, mwingine anataka zipu tu. Kila hodi moja, Popi alikuwa anabweka dakika tano, siku nyingine kumi, mpaka sauti inamkauka.

Jirani yangu wa nyumba ya nyuma ni muuguzi. Siku moja mchana alikuja akiwa na khanga begani, macho mekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kulikoni, hukulala?"

"Ndilo lililonileta, mama, naomba usinikasirikie. Nimetoka zamu saa moja asubuhi, sasa ni saa saba, na sijapata hata lepe la usingizi. Ni Popi."

Hakugomba, wala hakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alikuja kuniambia kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyonichoma. Nilimwahidi kwamba nitalishughulikia, na nikalishughulikia. Ilinichukua kama miezi miwili. Haya ndiyo niliyoyafanya, na ninayowaelekeza wateja wangu wenye mbwa kila wanaponiuliza.

Kwanza weka fimbo chini. Nasema hivi kwa sababu mimi nilianza na ufagio. Kila Popi akiunguruma getini nilimchapa, na baada ya wiki mbili akaacha kuunguruma kweli. Nikafurahi. Kumbe nilichomfundisha ni kuficha onyo. Mteja mmoja aliingia, Popi kanyamaza kimya, halafu ghafla akamrukia na kurarua pindo la dera. Mama wa watu hakuumia, lakini nilitetemeka mikono mpaka jioni. Mbwa anapounguruma anasema "naogopa, usinisogelee". Ukimpiga kwa kusema hivyo, woga unabaki palepale, ila hataonya tena.

Kumfokea nako hakusaidii. Mbwa akibweka nawe ukapaza sauti "Nyamaza! Nyamaza we!", yeye anasikia kwamba na wewe umeingia kwenye kelele, kwa hiyo kweli kuna hatari. Na kuna watu wanaofunga mdomo wa mbwa kwa kamba. Tafadhali, usifanye hivyo hata kwa dakika chache. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema mdomo wazi, ulimi nje. Ukimfunga kwenye joto unaweza kumuua.

Nilichukua daftari la vipimo vya nguo, kurasa za nyuma, nikaandika kwa siku saba: amebweka saa ngapi, kwa sababu gani, kwa sauti ipi. Fanya hivi hata kama unadhani unamjua mbwa wako. Mimi niliamini Popi anabweka "siku nzima", lakini daftari lilionyesha makundi matatu tu. La kwanza, kubwa kuliko yote, ni hodi na watu wanaopita getini, kati ya saa mbili na saa tano asubuhi. Hapo anabweka haraka haraka, mfululizo, mkia juu. La pili ni alasiri, ninapokuwa nimezama kwenye cherehani: bwe moja, kimya, bwe moja, kimya, sauti ileile haibadiliki. Huyo ni mbwa aliyechoshwa na kukaa bure. La tatu ni usiku, akijibizana na mbwa wa mtaa wa pili. Kila kundi lina dawa yake, na ndiyo maana dawa moja haiwezi kufaa kwa yote.

Kabla ya dawa yoyote, mwone bwana mifugo. Sikio lenye usaha, kupe waliojaa katikati ya vidole, minyoo, jino bovu, vyote vinamfanya mbwa awe mwepesi wa kubweka. Mbwa mzee anayeanza kubweka usiku bila sababu huenda macho au masikio yamepungua nguvu, au akili yake imeanza kuchanganyikiwa kwa uzee. Huyo anahitaji taa ndogo na mtu wa kumpapasa. Hakikisha pia chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa. Na hapa nisikilize vizuri: mbwa ambaye sauti yake imebadilika ghafla, imekuwa ya kukwaruza, huku anatoa mate na tabia si yake, usimfundishe chochote. Kaa mbali naye, funga geti, mpigie bwana mifugo. Akishamng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Popi alikuwa mzima. Nikaanza na geti.

Geti langu ni la bati, na chini kulikuwa na uwazi wa kama kiganja. Popi alikuwa analala kifudifudi, pua kwenye uwazi, anaangalia miguu. Kila miguu ikipita anabweka, na miguu inaendelea na safari yake. Kwa akili ya mbwa, yeye ndiye ameifukuza. Ameshinda! Kesho atabweka kwa bidii zaidi. Nilimwita fundi akagongelea kipande cha bati pale chini, na banda lake tukalihamisha kutoka getini kwenda nyuma, karibu na mlango wa jiko. Kazi ya nusu siku, na kelele za asubuhi zilipungua mno. Kama uzio wako ni wa michongoma na una matundu, hata gunia kuukuu lililofungwa vizuri linatosha.

Sasa neno "Hodi". Hili ndilo nililolifanyia kazi zaidi, kwa sababu kwetu hakuna anayeingia bila kulitamka, na Popi alikuwa ameshalifanya tangazo la vita. Nilitaka alisikie neno hilohilo na aelewe kitu kingine: nenda kwenye gunia lako, kuna dagaa.

Dagaa ni zawadi nzuri kuliko biskuti za dukani, na ni rahisi. Chukua wasio na chumvi. Wale wa Mwanza wengi huwa na mchanga kwa sababu huanikwa chini, kwa hiyo waoshe, wakaushe, kisha wakaange bila mafuta mpaka wanukie. Kata kila mmoja vipande viwili. Mimi naweka kwenye kikopo cha vifungo, na Popi anakijua kikopo hicho kwa mlio wake.

Siku tatu za mwanzo hakuna mgeni wala hodi. Nilitandika gunia karibu na mlango wa jiko, nikasema "Gunia", nikarusha kipande cha dagaa juu yake. Akienda kula akiwa amekanyaga gunia, namwongeza kingine. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, basi. Usimchoshe, mbwa hujifunza vizuri kwa vipindi vya dakika tano.

Siku ya nne mpwa wangu alisimama uani, ndani ya geti, mahali ambapo Popi anamwona, akasema "hodi" kwa sauti ya chini kabisa. Kabla Popi hajafungua mdomo, nikasema "Gunia", dagaa. Tena. Tena. Ukingoja abweke ndipo utoe dagaa, utakuwa unanunua kelele. Wahi wewe. Kama amekuwahi, usimkasirikie, maana maana yake ni kwamba hodi ilikuwa kubwa mno. Mrudishe mtoto mbali zaidi, apunguze sauti. Tulikwenda hivyo hatua kwa hatua: hodi ya chini, hodi ya kawaida, hodi kutoka nje ya geti, hodi na kugonga bati. Kugonga bati peke yake kulichukua siku tisa. Kisha nikawaomba wateja watatu ninaowaamini wasimame getini kidogo hadi nimalize. Siku moja, nikiwa na pini mdomoni nasawazisha shingo ya gauni, mtu akapiga hodi na sikuweza kusema lolote. Popi aliinua kichwa, akabweka mara mbili, akanitazama, akageuka mwenyewe akaenda kwenye gunia akakaa. Nilitema pini zote nikampa dagaa watano.

Kuna faida nyingine ambayo sikuifikiria mwanzoni. Wateja wangu wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Akilambwa na Popi analazimika kujitwaharisha kabla ya swala. Tangu Popi aende kwenye gunia, wanaingia bila wasiwasi wa nguo zao.

Sambamba na gunia nilimfundisha neno "Basi". Si kwamba nilitaka Popi awe bubu. Wapo mbwa wa misitu ya Kongo, Basenji, ambao kwa asili hawabweki kama hawa wetu, hata wawindaji huwavisha njuga shingoni ili wasipotee. Popi si Basenji, na mimi ni mwanamke ninayeishi na watoto. Usiku nataka aniambie kama kuna mtu ukutani. Kwa hiyo tulikubaliana: mara tatu nne, nimekusikia, basi. Akibweka, naenda alipo. Nakwenda kweli, natazama anachotazama. Nasema "Basi" kwa sauti ya mazungumzo, namsogezea dagaa puani. Hawezi kunusa na kubweka kwa wakati mmoja, atanyamaza. Nahesabu kimoyomoyo mbili, nampa. Kesho nahesabu tatu, keshokutwa tano, mpaka ukafika muda wa dakika nzima. Watu wengi wanakosea hapa kwa kusema "Basi" mara ishirini wakiwa wamekaa kwenye kiti. Sema mara moja, inuka.

Ile ya alasiri, ya kuchoka, haikuhitaji neno lolote, ilihitaji kazi. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakaza, tunatembea nusu saa, na simharakishi. Namwacha anuse kila jiwe, maana kunusa nako kunamchosha. Na mchana namwekea trei za mayai za karatasi, mbili zimefunikana, ndani nimetawanya dagaa na vibonge vya ugali wa dona. Anafukua robo saa, kisha analala chini ya meza ya kukatia. Mbwa aliyefungwa mnyororo kutwa hawezi kutulia, hata umpe dagaa wa ziwa zima. Ukiweza, mfungulie ndani ya uzio.

Usiku nilimalizana nao kwa kumwingiza Popi kulala ukumbini. Mbwa anasikia mbali sana kuliko sisi, hata sauti nyembamba ambazo sikio la mtu halizipati, na akiwa nje usiku kila jambo la mtaa ni lake. Ukuta na pazia vinampunguzia. Na kama dume lako halijahasiwa, mbwa jike wa mtaani akiwa kwenye joto hutalala wewe wala yeye. Zungumza na bwana mifugo.

Nikaongeza jambo moja la kijirani. Wahenga wetu wana msemo, mbwa ukimjua jina hakusumbui. Niliwaomba watoto wa njia yetu, muuza maziwa na bodaboda wawili wa kijiweni wamwite Popi kwa jina wanapopita, polepole, bila kukimbia. Wengine niliwapa kipande cha dagaa wamrushie. Ndani ya wiki mbili hao walikuwa si wageni tena.

Jiandae kwa jambo moja gumu. Kama mbwa wako amezoea kubweka ili umpe chakula au umfungulie mlango, siku utakapoacha kumjibu atabweka zaidi ya zamani. Siku mbili, tatu, utaona kama umeharibu. Usikate tamaa hapo. Ukimpa siku ya tatu kwa sababu umechoka, umemfundisha kwamba siku tatu ndizo zinazotakiwa. Waambie majirani mapema. Mimi nilimpelekea muuguzi ndizi na maelezo, akanicheka kwa upendo akasema atavumilia.

Na watu wote wa nyumbani watumie maneno yaleyale. Mpwa wangu alikuwa anasema "Acha", mimi "Basi", na Popi alibaki anatutazama kwa zamu.

Sasa simpi dagaa kila mara. Siku nyingine ni dagaa, siku nyingine namkuna nyuma ya lile sikio lililokunjika, naye anaridhika. Lakini kikopo hakijaondoka juu ya cherehani. Mwezi wa sita mvua na baridi vilitufungia ndani wiki nzima, wateja wakaadimika, na hodi ya kwanza baada ya hapo Popi aliikimbilia getini kama zamani. Jioni ileile nilimwita mpwa wangu, nikamsimamisha uani, tukaanza tena na hodi ya chini kabisa.